Dereva Asiyeruhusiwa Kuita Wagonjwa

Saa kumi na mbili asubuhi, na Kombi jeupe limesimama kando ya njia ya udongo mwekundu, kwenye mteremko unaotazama mji wa Mbale. Injini imezimwa. Pua ya gari imeelekezwa chini kwa sababu stata ni mbovu, na dereva anaona aibu kuwaomba wagonjwa wasukume.

Dereva mwenyewe amekaa kwenye usukani, mikono magotini, kimya. Ni mwanamume mrefu wa miaka hamsini na ushei, na kofia yake ya kufuma ameivuta mpaka karibu na nyusi. Anaitwa Adrisi. Mwandishi anamuuliza swali. Adrisi anaweka kidole mdomoni, kisha anaonyesha kwa macho juu, kwenye migomba.

Huko juu anapanda mwanamke mfupi mwenye koti la kijani lililopauka. Huyo ni Nafuna, mbia wake, ambaye zamani alikuwa mfunga vidonda katika zahanati ya kijijini. Anasimama mbali na nyumba, mahali ambapo aliye ndani anaweza kumwona vizuri, kisha anaita kwa Kigisu, lugha ya wenyeji. Anataja jina la mgonjwa, halafu jina la mama wa mgonjwa, halafu jina lake mwenyewe. Anangoja. Hausogelei mlango mpaka ufunguliwe kwa hiari ya mwenye nyumba.

Mlango unafunguliwa. Anatoka bibi mmoja, kitambaa kimefunika jicho lake la kushoto. Nafuna anamshika mkono, wanateremka taratibu, anamketisha kiti cha katikati.

"Mulembe, afande," bibi anamsalimu dereva bila kumtazama usoni.

Adrisi anaitikia kwa kichwa. Anaachia breki, gari linateremka lenyewe, injini inakohoa na kushika. Hapo ndipo anafungua mdomo.

"Sasa uliza," anasema. "Wakati sista anaita mutu, mimi ni kama sipo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya hii kazi. Dereva haiti mutu."

Kila Jumanne Adrisi na Nafuna huzungukia vijiji vya juu ya Mbale, hujaza Kombi, kisha hushika njia ya Tororo na Iganga mpaka Jinja. Upande wa Mafubira kuna kliniki ndogo yenye daktari wa mifupa na vidonda sugu. Jioni huwarudisha watu wao, kila mmoja mpaka mlangoni kwake.

Si gari la dharura hili. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu, mtu aliyegongwa, mtu aliyekatwa panga, hao watu huwakimbilia. Kijiji kizima hutoka, kitanda hubebwa mabegani, gari lolote linalopita husimamishwa. Abiria wa Kombi hili ni wale wengine: mwenye kidonda kisichofunga, mwenye jicho linalofifia, mwenye mfupa ulioungwa vibaya tangu wakati wa vita. Hawa hawafi leo. Wanakufa polepole, na hakuna anayemkimbilia mtu anayekufa polepole.

"Hii gari si ya kufa, ni ya kupona," anasema Adrisi. "Lakini kupona inataka urudi kila wiki. Nani ana nguvu ya kurudi Jinja kila wiki?"

Petroli hununuliwa na kikundi cha akina mama wa kanisa analosali Nafuna. Wagonjwa hutoa walicho nacho: mayai, maharage, mkungu wa ndizi. Siku nzuri Adrisi hurudi nyumbani kwake Malukhu na ndizi na hela ya sabuni. Siku mbaya hurudi na tairi lililopasuka. Mshahara hajawahi kuuona, na Nafuna pia hajauona.

Njiani bibi mwenye kitambaa anaguna. "Afande, mashimo," anasema. Adrisi anapunguza mwendo.

"Mimi sikuvaa hata siku moja uniform," anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. "Hata mkanda ya askari sikushika. Lakini mimi ni Mnubi, na nasema Kiswahili, lugha ya jeshi. Kwao imetosha. Nikisema usiniite afande, ataogopa zaidi. Basi naitika."

Babu yake Adrisi alikuja na wanajeshi kutoka Sudani. Baba yake alikula mkate wa serikali kambini, na Adrisi alizaliwa Kimaka, Jinja, katika nyumba ambayo Kiswahili na Kinubi vilikuwa lugha za mezani. Alipokua hakulitaka jeshi. Alipata kazi ya kusambaza mikate. Kila asubuhi alizunguka maduka ya Jinja na gari la kiwanda, na watoto walimjua kwa harufu ya mikate kabla hawajamwona.

Kisha utawala wa wanajeshi, ambao Wanubi wengi waliutumikia, ukaanguka mwaka 1979, na watu waliokuwa wameumizwa wakatafuta wa kumlipizia kisasi. Wenye mikono michafu walikuwa wameshavuka mipaka na magari yao. Waliobaki ni kina Adrisi.

Walikuja nyumbani kwao Mafubira mchana kweupe. Wengine walikuwa majirani. Walimwita kaka yake Muhamad kwa Kisoga, lugha ya huko Jinja, kwa jina lake, kama watu wanaotaka kushonewa suruali. Muhamad alikuwa fundi cherehani. Alitoka na utepe wa kupimia shingoni.

"Walimumaliza pale pale," anasema Adrisi. "Mimi nilitoka na mke na mtoto, dirisha ya nyuma. Hata leo mutu akiita kwa Kisoga nje ya nyumba yangu, mimi siendi mlango. Hajara ndiye anakwenda."

Hajara ni mke wake. Pamoja na binti yao Ramula walikaa Bungoma, ng'ambo ya mpaka, mpaka hali ilipotulia. Huko Adrisi alifanya kazi gereji, na kwa miaka mingi aliunganisha Kombi moja kutoka kwenye mabaki ya mengine: injini ya hili, milango ya lile, viti vya gari lililoungua. Waliporudi Uganda hawakwenda kuishi Jinja. Adrisi alisema hawezi kuwauzia chochote watu anaojua walichokibeba kutoka nyumbani kwake. Wakatafuta vyumba viwili Malukhu.

Nafuna alikutana naye barabarani. Alikuwa anasukuma baiskeli, mgonjwa ameketi nyuma, mguu umefungwa kwa kanga. Adrisi alisimama, akawapakia wote pamoja na baiskeli, na hakutaka malipo.

"Mimi nikamwambia, Baba Ramula, wewe una gari na huna watu," Nafuna anakumbuka. "Mimi nina watu na sina gari. Akacheka. Kesho yake alikuja kwangu asubuhi. Nikamwambia, kitu moja tu: wewe usiite. Watu ya hapa wakisikia Kiswahili kwa mlango asubuhi, wanajua ni nini. Akasema sawa. Hakukasirika. Alielewa."

Alielewa, na kwa muda mrefu sheria ilishikwa. Kisha ikaja Jumanne moja ya mwaka jana.

Shangazi yake Nafuna alikuwa amefariki na Nafuna alikuwa matangani. Alituma ujumbe kwamba safari iahirishwe. Adrisi aliwafikiria waliokuwa wanangoja, hasa mzee Barasa, mkulima wa kahawa mwenye ugonjwa wa sukari. Kidonda cha Barasa kwenye mguu wa kulia kilikuwa kimeanza kujaa nyama nzuri, na daktari alikuwa ameonya kwamba akikosa wiki moja kazi yote itaharibika. Adrisi akaamua kwenda peke yake.

Alikuwa amejifunza sentensi ya Kigisu. Aliirudia njia nzima. Lakini alipofika chini ya nyumba ya Barasa, na kila kitu kilikuwa kimya, maneno yalimtoka kichwani. Akaita kwa lugha aliyokuwa nayo.

"Nilisema, Barasa, toka nje, gari iko tayari. Kwa upole. Wallahi, kwa upole."

Hakuna aliyejibu. Adrisi alidhani mzee amelala, au amezidiwa. Akapanda mpaka mlangoni, akagonga. Kimya. Kwa kuhofia kwamba mtu ameanguka humo ndani, akausukuma mlango. Mke wa Barasa akapiga yowe lililoita kijiji kizima.

Barasa hakuwa ndani. Alikuwa ameshatoka kwa nyuma, mbio, na mguu ule. Sukari ilikuwa imeua hisia kwenye nyayo, kwa hiyo hakusikia mawe wala matope ya kijito alichokivuka. Alishinda mchana kutwa ndani ya kahawa za watu, bendeji imebaki kwenye miiba. Waliompata jioni walimkuta amejikunja, na alikataa kutoka mpaka aliposikia sauti ya dada yake.

Baada ya hapo hakutaka kusikia habari ya Kombi. Nafuna alimbembeleza wiki baada ya wiki. Alipokubali hatimaye kupelekwa hospitali kwa machela ya miti, mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari wa Jinja amewaambia wabia hawa kwamba huenda ungekatwa hata hivyo. Adrisi hataki kuyasikia maneno hayo.

Tumezoea kuandika magazetini kwamba majeraha ya vita yamepona, kwamba nchi imesimama, kwamba kazi iliyobaki ni kujenga. Mwaka huu wa 1991 ni kweli risasi hazisikiki Mbale, ingawa upande wa wilaya ya Kumi wako watu ambao bado wanalala porini. Lakini anayeandika kwamba majeraha yamepona hajapanda gari hili. Angepanda, angeona kwamba kuna wananchi wanaohitaji dawa na kuna mtu aliye tayari kuwapeleka, na baina yao kuna kitu ambacho hakuna serikali iliyokuja kukiondoa. Wameachiwa wakiondoe wenyewe, kwa petroli ya kanisa.

Siku inayofuata safari hii ya Jinja mwandishi anapanda kwa miguu na Nafuna mpaka kwa Barasa. Adrisi anabaki chini kabisa, barabara kuu, mahali ambapo gari halionekani kutoka kwenye nyumba.

Barasa ameketi barazani, kigutu cha mguu kimewekwa juu ya kigoda. Mwandishi anamsalimu kwa Kiswahili. Mzee anageuza uso kwa Nafuna na kumjibu yeye, kwa Kigisu.

"Kiswahili anakijua," Nafuna anaeleza. "Sisi wote tulijifunza kwa rodibloku, askari wakitusimamisha barabarani. Hataki tu kukisema."

Kwa hiyo mazungumzo yote yanapita kwa Nafuna. Barasa anasimulia bila haraka. Wakati wa wanajeshi, anasema, gari lilisimama pale chini asubuhi. Sauti ikamwita kaka yake, aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa. Haikuwa sauti ya ukali. Ilisema atoke nje, gari liko tayari. Kaka yake alivaa shati, akamwambia mkewe afunike chai isipoe. Mpaka leo hawana kaburi lake.

"Mwenye Kombi aliniita kwa maneno yale yale," anasema Barasa. "Na upole ule ule. Angenitukana ningebaki ndani, ningejua ni mlevi."

Anaulizwa kama anaamini kwamba Adrisi alikuwa miongoni mwa waliomchukua kaka yake. Mzee anamtazama mwandishi kana kwamba ameuliza jambo la kitoto.

"Najua hakuwa yeye. Nafuna ameniapia, na mimi namwamini Nafuna. Kichwa changu kinajua. Lakini siku ile sikukimbia kwa kichwa."

Nafuna anapiga magoti na kufungua bendeji ya mguu uliobaki. Kuna kidonda chini ya kidole gumba, kipana kuliko sarafu, na pembeni kimeanza kuwa cheusi. Harufu inamfanya mke wa Barasa asogee kando. Ni ugonjwa ule ule, sasa upande wa kushoto. Daktari ametuma neno: akimwona kila wiki, mguu huu utaokoka. Asipomwona, Barasa atamaliza maisha yake kwenye mkeka. Zahanati ya karibu inaweza kufunga kidonda tu, haina wa kukata nyama iliyokufa. Basi la abiria alilijaribu mara moja, na abiria walipiga kelele kwa sababu ya harufu mpaka akateremshwa Tororo.

"Kuna gari," Nafuna anamwambia, na ni wazi si mara ya kwanza. "Linapita hapa chini kila Jumanne."

"Nitapanda," Barasa anajibu. "Nimeshasema nitapanda. Lakini si yeye akiwa ndani."

Hilo ndilo sharti lake, na halibadilishi. Haitoshi Adrisi kunyamaza. Haitoshi Nafuna kuketi katikati yao. Adrisi aliwahi kumtuma Nafuna na jogoo wa kuombea radhi, na jogoo alirudishwa siku hiyo hiyo, akiwa hai. Yupo uani Malukhu hadi sasa. Hajara hamchinji, na hakuna mtu nyumbani mwenye hamu naye.

Walijaribu kutafuta dereva mwingine. Alipatikana kijana wa Jinja aitwaye Asuman, akaendesha safari mbili, akaacha. Alisema hawezi kushinda na harufu za watu kwa malipo ya maharage. Wengine hawakufika hata safari moja. Kombi lenyewe lina tabia zake: gia ya pili hutoka yenyewe usipoishika, na breki hutaka kukanyagwa mara mbili. Anayelijua ni yule aliyeliunga.

Ndiyo maana kila jioni baada ya sala ya alasiri, kwenye uwanja wa mpira wa Malukhu, watu hukusanyika kutazama kichekesho. Sista Nafuna, mjane mwenye wajukuu, anajifunza kuendesha gari.

Siku ya kwanza aligonga nguzo ya goli. Siku ya pili vijana waliihamisha nguzo mapema, na bado akaifuata. Sasa anazunguka uwanja mzima bila kuzima, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, kandambili amezivua ili aisikie klachi. Adrisi anatembea kando ya dirisha, mkono juu ya mlango.

"Gia ya pili, shika! Usiiache, sista, itatoka!"

"Nimeshika, Baba Ramula! Wewe toka kwa njia!"

Watazamaji wanacheka. Adrisi anacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu mwandishi awe naye. Kisha gari linapompita anabaki amesimama katikati ya uwanja, na kicheko kinaisha.

Mtihani wa kwanza wa leseni Nafuna alishindwa. Mtahini alimsimamisha mlimani, injini ikazimika, na kwa stata ile haikuwaka tena. Mtahini akamwambia kwamba mwanamke wa umri huo aende akampikie mume wake. Nafuna alimjibu kwamba mume wake alikwisha kuzikwa, na kwamba aliye hai ni mtu mwenye kidonda. Hakupewa leseni kwa jibu hilo. Atarudi mwezi ujao. Adrisi amefungua stata yote mezani kwa Hajara, sufuria zimehamishiwa sakafuni, na kila usiku anaisugua waya kwa waya.

Anayefanya hivyo ni mtu ambaye hakurudi na chochote kutoka uhamishoni isipokuwa gari hili. Nafuna akifaulu, yeye atatolewa ndani yake. Mwandishi anamwambia hivyo, bila kuficha hasira. Kwa nini alipe yeye? Waliomchukua kaka yake Barasa hawakuwa yeye. Waliomuua Muhamad wanakunywa chai Mafubira, na hakuna anayewadai.

Adrisi anafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

"Inauma," anasema. "Sitakudanganya. Hii gari nimeijenga na mikono yangu, na mimi nitakaa nyumbani Jumanne kama mutu mgonjwa. Hajara ananiuliza nitafanya nini siku nzima. Sijui. Wako watu yetu waliofanya mabaya, sikatai. Mimi sikufanya. Lakini nitakwenda kumwambia nani? Barasa anajua. Anajua, na mguu yake haijui."

Anaichukua stata, anaipuliza vumbi, anaiweka tena mezani.

Mpango wake umekamilika. Nafuna akipata leseni, Adrisi atampa funguo Jumatatu jioni, na kabla ya hapo atalijaza tangi na kulisafisha gari ndani kwa sabuni, kiti cha dereva hasa, ili mzee asiinuse hata harufu yake. Ameshamwonyesha Nafuna mahali pa kuegesha chini ya nyumba ya Barasa, pua ikitazama chini. Ameomba jambo moja tu: wakirudi jioni, Nafuna apite Malukhu amwambie kama mzee alipanda.

Anaulizwa kama anatumaini kwamba siku moja Barasa atamsamehe.

"Asinisamehe," anasema Adrisi. "Apande tu."